Droni nyepesi au nzito? Jiulize kwanza utairushia wapi

SIKU hizi ni nadra kuhudhuria harusi jijini Nairobi bila kusikia mvumo kama wa nyuki juu ya vichwa vya wageni. Ukiinua macho unaona kijidude chenye mikono minne kikielea angani, kamera imening'inia mbele. Ni droni. Watoto huishangilia, vijana wa vyuo huitamani, nao wazazi huanza kuulizwa nyumbani itanunuliwa lini.

Ikiwa swali hilo limeshafika sebuleni kwako, ndugu msomaji, basi makala ya leo ni yako. Ukizuru maduka ya Luthuli Avenue na Kimathi Street utaonyeshwa makundi mawili. Kuna droni nyepesi, isiyotimiza gramu 250, ambayo ikikunjwa hutoshea katika mfuko wa koti. Kisha kuna ile nzito, ya gramu 700 hadi 900, inayobebwa katika mkoba wake. Bei zao hazikaribiani hata kidogo. Karo ya muhula mzima inaweza kumalizwa na uamuzi huu, kwa hivyo tusikimbilie kulipa.

Wengi hushawishika na maneno haya: "Chukua hii ya gramu 249, haihitaji karatasi yoyote." Maneno hayo yana asili yake, ila asili hiyo si hapa kwetu. Mwaka 2015 Marekani ilianza kusajili droni, ikaziacha zile zisizozidi gramu 250 kwa anayerusha kwa kujifurahisha tu. Kanada nayo ilichora mstari wake papo hapo. Ndipo viwanda vikaanza kuunda droni za gramu 249, kama DJI Mini 4 Pro ya mwaka 2023, ili zipite chini ya mstari huo.

Kenya haikuufungua mlango huo. Kanuni za mwaka 2020 zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege (KCAA) hupanga urushaji katika makundi matatu kulingana na hatari yake, sio kulingana na mzani wa dukani. Mwenye droni sharti awe ametimiza umri wa miaka 18. Kuiingiza nchini kunahitaji idhini, na kuitumia katika kazi ya malipo kunahitaji leseni ya mrushaji na cheti cha biashara hiyo. Kwa hivyo mzazi, hata ukimnunulia kijana wako wa kidato cha tatu, mwenye droni na mwenye kujibu ni wewe. Naye jamaa aliye ng'ambo anayetaka kukuletea moja katika sanduku la nguo, mwambie asubiri kibali kwanza, maana inaweza kuzuiwa uwanjani.

Ramani ya Nairobi

Kanuni hizo zinasema usirushe droni zaidi ya futi 400 juu ya ardhi, yaani mita 122 hivi. Jumba la KICC lina urefu wa mita 105, nalo Britam Tower la Upper Hill hufika mita 200. Anayeota kuzipiga picha paa za Upper Hill kutoka juu, tayari amepita kipimo.

Lakini kikwazo kikubwa ni Wilson. Pasipo idhini, huruhusiwi kurusha ndani ya kilomita 10 kutoka viwanja vikubwa vya ndege, au kilomita 7 kutoka vile vidogo. Sasa chukua ramani na upime kwa mstari ulionyooka kutoka Wilson. KICC iko umbali wa kilomita 4 hivi. Uhuru Park iko karibu zaidi. Yaya Centre, Kilimani, ni kama kilomita 4 na nusu. Lavington na Westlands ni kama 7, Kawangware kama 9. Mpaka ukaribie Karen ndipo unatoka katika duara hilo. Isitoshe, Ikulu iko papo hapo kati ya jiji na Kilimani, na makao makuu ya jeshi yako Hurlingham. Mbuga ya Nairobi nayo haiingiliwi na droni bila ruhusa ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori.

Yeyote anayedhani huku ni kusumbuana bure akumbuke Machi 5, 2024. Siku hiyo ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliyotoka Wilson iligongana angani na ndege ndogo ya mafunzo juu ya mbuga. Wawili waliokuwa katika ile ndogo walifariki. Hapakuwa na droni katika ajali hiyo, lakini inatuonyesha jinsi anga la upande huo lilivyosongamana, hata kwa marubani wenye redio na leseni.

Kuna kipimo kingine kinachosahaulika. Droni inapaswa kukaa mita 50 mbali na watu, magari na majengo yasiyo chini ya usimamizi wako. Kiwanja cha robo ekari, kikiwa mraba, kina upande wa mita 32 hivi. Hata ukisimama katikati, ukuta wa jirani uko mita 16 tu kutoka hapo. Maana yake ni kwamba katika maploti mengi ya Kileleshwa na Kangemi, hakuna nafasi halali ya kuinua droni yoyote, iwe nyepesi au nzito, bila kuelewana na majirani.

Nguvu na picha

Tuseme sasa kibali umepata na uwanja unao. Ni ipi iliyo bora?

Wengi hudhani kwamba nzito hutoa picha nzuri zaidi kila mara. Sivyo. Kinasa mwanga cha kamera ya Mini 4 Pro kina ukubwa sawa na kile cha DJI Air 3, ambayo ina gramu 720. Air 3 huizidi kwa kuwa na kamera ya pili inayovuta vitu vya mbali, na kwa betri. Ukitaka kinasa mwanga kikubwa kweli, kinachofaa jioni na kazi za filamu, itakubidi upande hadi Mavic 3, yenye gramu 895. Kwa picha za familia zitakazotazamwa kwenye simu, tofauti hiyo hutaiona.

Upepo nao una maneno yake. Kiwanda hudai Mini 4 Pro hustahimili upepo wa kilomita 38 kwa saa, na Mavic 3 kilomita 43. Kwenye karatasi tofauti ni ndogo, lakini nzito hutulia zaidi upepo unapopiga kwa vishindo, hasa kwenye nyanda za juu kama milima ya Ngong. Kule upepo ni mwingi hata KenGen ikasimamisha mitambo yake ya umeme.

Halafu kuna jambo ambalo muuzaji hatakutajia. Dakika 34 zilizoandikwa kwenye kasha la nyepesi, na 46 za nzito, zilipimwa pasipo upepo, karibu na usawa wa bahari. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na hewa yetu ni hafifu kuliko ya Mombasa kwa kama asilimia 15. Pangaboi hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi, na betri huisha mapema. Irudishe droni chini ikiwa bado na theluthi moja ya betri. Msimu wa mvua, iweke kabatini, kwani droni hizi hazistahimili maji.

Ikianguka je?

Hapa ndipo uzito unapokuwa na maana kamili. Droni ya gramu 249 ni sawa na robo kilo ya sukari. Ya gramu 895 inakaribia pakiti ya unga ya kilo moja. Zikianguka kutoka kimo kimoja, ya pili hugonga kwa nguvu zaidi ya mara tatu na nusu. Robo kilo ikikuangukia kutoka orofa ya kumi itakuumiza vibaya. Kilo moja ikimwangukia mtoto, huenda mkalia kilio. Mrushaji mgeni, anayejifunza karibu na wadogo zake, hana sababu ya kuanza na nzito.

Usisahau jicho la droni pia. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 humlinda kila mtu asiingiliwe faragha yake, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 huigusa hata picha. Jirani aliyeanika nguo zake kwenye balkoni ya ghorofa ya tano hakukualika umpige picha.

Basi ushauri wangu ni huu. Familia inayotaka kumbukumbu za sherehe mashambani, pamoja na mwanafunzi anayejifunza kazi, wachukue nyepesi. Inatosha, na kosa lake si ghali sana kwa mfuko wala kwa kichwa cha mtu. Nzito ni ya yule ambaye tayari ana leseni, ana wateja wanaomlipa, na kazi yake iko mahali pa wazi penye upepo. Asiye na hayo matatu ataishia kulipia uzito asiouhitaji.

Ila mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kabla hujalipa hata senti, tafuta kibali cha KCAA, chora duara la kilomita 10 kutoka Wilson juu ya ramani, kisha uweke kidole mahali unapokusudia kurushia. Kikiangukia ndani ya duara na huna idhini, zirudishe pesa mfukoni. Droni itangoja, na karo hailipwi kwa picha.