Usiuze Kropu Yako

Juzi tangazo la kazi limezunguka kwenye grupu letu la WhatsApp. Harusi Limuru, siku mbili, malipo ya kawaida, halafu mstari wa mwisho kwa herufi kubwa: FULU FREMU PEKEE. Mwenye tangazo hakuuliza umewahi kupiga nini. Hakuuliza una lenzi gani. Ameuliza ukubwa wa sensa, vile baba mkwe huuliza kama una shamba.

Na wasee wamejibu kwa unyenyekevu, mmoja mmoja, wakitaja kamera zao kama watu wanaoonyesha kitambulisho langoni. Mmoja akaandika, "Niko na kropu lakini nanunua fulu fremu mwezi ujao." Huyo ndiye aliyenikera. Sikukasirika naye, nilimwonea huruma, kwa sababu nilikuwa yeye.

Mwaka nilioacha chuo (karo na mfuko wangu hazikuelewana, hiyo ni stori ya siku nyingine) nilikuwa na Canon 70D iliyotumika, lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo, 50mm ya f/1.8, na 70-200 niliyoilipia polepole karibu mwaka mzima. Nilikula kwa hiyo kamera. Kisha mtu niliyemheshimu akaniambia kropu ni ya wanafunzi. Nikaiuza. Nikakopa salio kwa programu mbili za simu, nikanunua 6D, fulu fremu, nikaipiga picha kitandani kama mtoto mchanga.

Usiku huohuo nikajaribu kuifunga ile 18-55. Haiingii. Lenzi za Canon za aina ya EF-S zimetengenezewa kropu tu, na kwa 6D hazikai hata ukiomba. Hilo hakuna aliyeniambia.

Harusi ya kwanza nilienda na bodi moja. Maharusi waliposimama mbele ya padri nilikuwa na 50mm, nikaona niko mbali, nikaanza kubadilisha niweke 70-200. Pete iliingia kidoleni wakati kamera yangu iko wazi kama mdomo wa kifaranga, lenzi moja kwapani, nyingine mkononi. Picha hiyo haipo. Bibi harusi aliitafuta kwenye albamu, akanipigia, na sikuwa na jibu. Nilipata nusu ya malipo, na kusema kweli hata hiyo nusu nilipewa kwa huruma. Mikopo ya simu haikunihurumia.

Sasa tuongee hesabu, maana kwenye ibada hii ya fulu fremu hesabu huwa haialikwi.

Sensa ya fulu fremu ni takriban milimita 36 kwa 24. Ya 70D ni 22.5 kwa 15. Lenzi yenyewe haijui imewekwa wapi: 50mm ni 50mm, inamwaga duara lilelile la mwanga, na sensa ndogo inachukua kipande cha katikati. Kwenye kropu ya Canon kipande hicho kinaonekana kama umetumia 80mm. Kwa Nikon na Sony, 75mm. Ile 70-200 inakuwa na mtazamo wa 112 hadi 320. Kwa hivyo lenzi mbili na bodi mbili zinakupa mitazamo minne, na huna haja ya kufungua kamera mbele ya padri.

Tena 6D na 70D zinatumia betri moja, kadi za SD, na zote zina pikseli milioni 20.2. Ukiikata picha ya 6D ili ilingane na mtazamo wa 70D unabaki na milioni 8 hivi. 6D inapiga picha 4.5 kwa sekunde, 70D inapiga 7. 6D ina vituo 11 vya kulenga na ni kimoja tu chenye uwezo wa kushika mistari ya wima na ya mlalo. 70D ina 19, vyote vinaweza. Nenda Naivasha wakati wa Safari Rally, gari linakuja na vumbi lake na huruhusiwi kusogea karibu, kisha uniambie ni gani ya wanafunzi.

Fulu fremu ina yake, sibishi. Saa tatu usiku ukumbini, taa ni zile za rangi za DJ, 6D itakuletea uso safi pale ambapo 70D imejaa chengachenga. Pia upana ni wake: 24mm kwenye kropu inakuwa kama 38, na ukoo mzima wa Murang'a hautoshei hapo. Ndiyo sababu ile 18-55 niliyoidharau inarudi begani. Fulu fremu ikifa katikati ya sherehe, hiyo ndiyo itaokoa picha ya familia.

Wanaopinga husema picha hazitalingana. Weka joto la rangi kwa namba ileile kwenye bodi zote mbili, mtindo wa picha uleule, na usawazishe saa zao, la sivyo keki itakatwa kabla ya kiapo ukipanga kwenye laptopu. Ukiweka f/4, 1/250 na ISO 800 kwa zote mbili, mwangaza ni uleule. Kinachobaki ni tofauti ndogo ya ukungu nyuma ya mtu, na sijaona shangazi akiipima.

Halafu hilo jina "kamili" limetoka wapi? Oskar Barnack, pale Wetzlar, Ujerumani, alichukua filamu ya sinema, akaiongeza fremu mara mbili ikawa 24 kwa 36. Leica ilipoingia sokoni mwaka wa 1925, mbele ya kamera kubwa za studio hiyo ilikuwa kamera ya kitoto. Nikon nao walitoa D1 mwaka wa 1999 ikiwa kropu, na hawakuwa na fulu fremu ya dijitali hadi D3 mwaka wa 2007. Miaka minane, mwandishi wa habari aliyebeba Nikon ya dijitali alibeba kropu. Hakuna aliyemwita mwanafunzi.

Wale wa kamera mpya zisizo na kioo watasema lenzi za kropu huingia kwenye fulu fremu zao. Zinaingia, ndiyo, na milioni 24 zinashuka hadi 10 hivi. Nunua lenzi za fulu fremu, zifanye kazi pande zote.

Mimi nilirudi kununua 70D nyingine, imechubuka kuliko yangu ya zamani na kwa bei ya juu kuliko niliyouzia. Ya mbachao na msala mnayajua.

Yule wa Limuru nilimwandikia faraghani. Nikamtumia picha kumi bila kusema ipi imetoka bodi gani, nikamwomba achague anazopenda. Amechagua sita. Nne ni za kropu. Bado sijamwambia.