Umempa Mtoto Dawa kwa Kijiko Gani?

Mama mpendwa, kabla hujaendelea kusoma, hebu toa vijiko vyote vya chai vilivyomo kabatini mwako. Jaza kimoja maji, uyamimine katika kingine. Utaona havilingani. Na ndivyo tunavyowapimia watoto dawa!

Mwanafunzi wa uuguzi hufundishwa mapema kujiuliza mambo matano kabla ya kutoa dawa. Je, mgonjwa ni huyu? Dawa ni hii? Kipimo ni hiki? Inapita njia gani, mdomoni au sikioni? Na saa yake imefika? Maandishi ya chupa huyasoma mara tatu: anapoitoa kabatini, anapopima, na anapoirudisha. Mimi muuguzi nilikuwa nimeyakariri hayo yote. Hata hivyo usiku mmoja mwanangu wa mwaka mmoja, mwenye kilo 10, mwili ulimchemka kwa homa. Saa nane za usiku nikashika chupa ya parasetamoli. Kipimo cha plastiki sikukiona, nikachukua kijiko cha mezani. Asubuhi baba yake akasema, "Mbona mimi nilishampa saa sita?"

Tulikwenda hospitali mbio. Daktari alimchunguza na kututaka tukae hapo. Hakudhurika, ashukuriwe Mungu, lakini nilipopiga hesabu nilitetemeka. Dawa ile ilikuwa na miligramu 120 katika kila mililita 5. Mtoto hupewa miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa mwanangu ni kama mililita 5 tu. Tena hairudiwi mpaka upite muda wa saa nne hadi sita, wala haizidi mara nne katika saa 24. Kijiko cha mezani hubeba kama mililita 15. Nilimpa mara tatu ya kipimo chake, saa mbili tu baada ya baba yake!

Parasetamoli ikizidi mno huharibu ini, na ubaya wake ni kwamba siku ya kwanza mtoto aweza kucheza kama kawaida. Usingoje dalili, nenda hospitali na chupa yenyewe mkononi. Pia tazama nguvu ya dawa, maana ziko chupa zenye miligramu 250 katika mililita 5, na matone ya watoto wachanga huweza kuwa makali zaidi ya hapo. Dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli ndani yake. Ukimpa zote mbili, umerudia dawa ileile.

Siku hizi nyumbani kwetu kipimo cha plastiki kimefungwa kwa mpira kwenye chupa, na karatasi imebandikwa ndani ya mlango wa kabati. Baba watoto ndiye aliyeandika mstari wa kwanza: "Saa 12 jioni, mililita 5, nimempa mimi."