Barabara Yetu Wenyewe, Tunakodishiwa kwa Asubuhi Moja

Imekuwa desturi katika miji yetu, hapo ofisini au katika chumba cha walimu, kupitishwa mkono kwa mkono karatasi ya kujiandikisha katika msafara wa baiskeli. Karatasi hiyo ina kilomita zake, ina ada yake, ina picha ya fulana itakayotolewa, na mara nyingi ina jina la mfadhili lililoandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la shughuli yenyewe. Mtumishi huitazama, hupiga hesabu ya mshahara, huona haya mbele ya wenzake, kisha hutoa. Swali ninalotaka tuliulize leo bila ya kuoneana haya ni hili: ndugu huyu amenunua nini?

Siulizi kwa kuichukia baiskeli. Wengi wetu tulifikishwa shule na zahanati tukiwa tumekaa juu ya karia ya baiskeli ya baba, nami ni mmojawapo. Ninauliza kwa sababu naamini kwamba misafara hii, kwa sehemu yake kubwa, humwuzia mwendesha baiskeli kitu ambacho ni mali yake tangu awali, yaani barabara. Na hata kusema humwuzia ni kuipa heshima isiyostahili. Humkodisha kwa asubuhi moja, kisha saa sita mchana mabasi, malori na bodaboda hurudi, naye akasukumwa tena mchangani.

Tuitazame historia ya miji miwili, kwani haya hayakuanzia kwetu.

Mwezi Desemba 1974, maelfu ya wakazi wa Bogotá, mji mkuu wa Colombia, walitoka na baiskeli zao wakaziteka barabara za katikati ya mji kupinga jinsi motokaa zilivyokuwa zimeumeza mji wao. Haikuwa shughuli ya ada wala ya nishani. Ilikuwa ni madai. Miaka mitatu baadaye, 1977, mjini Cape Town, mamia ya waendesha baiskeli waliandamana vivyo hivyo kwa dai lile lile: wapewe njia zao katika barabara. Miji miwili, dai moja, na karibu wakati mmoja.

Bogotá ilijibu dai hilo kwa kulifanya kazi ya serikali ya mji. Leo hii, kila Jumapili na kila sikukuu, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 8 mchana, zaidi ya kilomita 120 za barabara kuu za mji ule hufungwa kwa motokaa na kuachiwa waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Hakuna kujiandikisha, hakuna namba mgongoni, hakuna ada. Mfanyakazi wa nyumbani na mwanasheria hupita njia moja. Na madai yale hayakuishia Jumapili; mji huo umejenga pia njia za kudumu za baiskeli zenye urefu wa zaidi ya kilomita 500, ambazo mtu huzipita Jumatatu akienda kazini.

Cape Town ilikwenda upande mwingine. Mnamo 1978 waandaaji wa maandamano yale walianzisha mashindano ya kuizunguka Rasi, wakaanza na washiriki 525. Mashindano hayo yalikua mpaka yakafikia washiriki 35,000, wakipita kilomita 109 katika mojawapo ya njia nzuri zaidi duniani, bahari upande mmoja na majabali upande mwingine. Sitaki kuyapaka matope bure. Yanamilikiwa na chama cha waendesha baiskeli na klabu ya Rotary, na mapato yake hurudi katika kazi za hisani na za kuitetea baiskeli. Barabara hufungwa kweli kweli. Mtu aliyeshiriki huwasimulia wajukuu wake.

Lakini tuulize, lile dai la 1977 liliishia wapi? Katika miaka ile ya utawala wa makaburu, wananchi waliohitaji njia ya baiskeli kuliko wote walikuwa wale waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu kutoka katikati ya mji na kutupwa mbali na kazi zao, pamoja na wakazi wa Langa na Gugulethu. Mashindano hayapiti huko. Yanapita penye mandhari. Njia za baiskeli katika mji ule zilikuja baadaye sana, kwa fedha za umma na kwa mipango ya umma, nyingi zikiambatana na matayarisho ya Kombe la Dunia la 2010. Madai yaligeuzwa kuwa sherehe, na sherehe ikawa kubwa kuliko madai. Hata sherehe yenyewe mshiriki hana uhakika nayo: Machi 2017 upepo uliopita kasi ya kilomita 100 kwa saa uliwaangusha watu na baiskeli zao, na mashindano yakafutwa. Upepo hauna mwenye kulaumiwa, nami simlaumu mtu. Ninasema tu kwamba anayenunua siku moja katika mwaka amenunua kitu chembamba sana.

Wako watakaosema kwamba ninachagua mifano ya kunifaa. Basi tuende London. Mwaka 2013, wakichota katika mori wa michezo ya Olimpiki ya mwaka uliotangulia, walianzisha msafara wa maili 100 katika barabara zilizofungwa. Ulikuwa ni wa kulipia, na watu waliopenda kuingia walikuwa wengi mno hata nafasi zikagawiwa kwa kura. Wakazi wa Surrey, ambako msafara ulipita, walichoka kufungiwa barabara zao, na 2020 halmashauri yao ikaamua kuacha kuupokea. Ukahamishiwa Essex kuanzia 2022. Mwaka 2025 haukufanyika. Aliyeshiriki mara tano amebaki na nishani tano sandukuni. Ile njia ya baiskeli iliyojengwa kando ya mto Thames kwa fedha za umma na kufunguliwa 2016, ambayo haikumpa mtu nishani yoyote, bado ipo, na asubuhi ya leo watu wamekwenda nayo kazini.

Sasa nieleze yaliyonipata mimi mwenyewe, maana si haki kuwasema wa mbali tu. Wakati fulani nililipa shilingi 40,000 kwa ajili ya msafara wa kilomita 60 katika mji mmoja wa nchi hii. Nilipewa fulana, nayo ilikuwa ndogo. Tuliambiwa barabara itafungwa. Kumbe maana ya kufungwa ilikuwa askari wawili penye mzunguko wa kwanza. Baada ya kilomita 9 tulikuwa tumechanganyika na daladala kama siku yoyote ile. Kituo cha pili cha maji nilikikuta na chupa tupu. Nilipopata pancha, gari la mafundi tulilotangaziwa halikuonekana. Aliyeniziba tyubu alikuwa ni fundi wa kando ya barabara, mzee mwenye beseni la maji, msasa na gundi, aliyenitoza shilingi 1,000 na kunipa kiti cha kukalia. Nikiupima msafara ule kwa thamani ya fedha, huduma ya hakika niliyoipata ni ile ya shilingi 1,000.

Nilipolieleza jambo hili ofisini, ndugu mmoja alinijibu kwa hoja ambayo sina budi kuitendea haki. Alisema: "Mimi bila msafara nisingepanda baiskeli kabisa. Peke yangu naogopa. Nikiwa na watu mia tano, dereva ananiona." Hoja hii ni nzito, na ndiyo hasa inayowafanya watu wenye akili zao timamu watoe fedha. Mwalimu wa miaka hamsini, aliyeambiwa na daktari kwamba sukari yake imepanda, hanunui fulana wala ndizi. Ananunua kutogongwa. Lakini tukikubali hivyo, basi tumekubali jambo la kutisha, kwamba usalama wa kupita katika barabara iliyojengwa kwa kodi ya mwalimu huyo umekuwa bidhaa, nayo huuzwa mara moja kwa mwaka pamoja na nembo ya kampuni!

Wala si lazima iwe hivyo, na mfano uko jirani kabisa. Tangu 2016 mji wa Kigali umekuwa ukifunga baadhi ya barabara zake asubuhi za Jumapili zilizopangwa, wananchi wakatoka kukimbia na kuendesha baiskeli, na hapo hapo wakapimwa shinikizo la damu na sukari. Bure. Rwanda si nchi tajiri kutushinda, na vilima vyake havina huruma kwa mwendesha baiskeli.

Sisi nasi tunacho cha kuanzia. Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam, ilipojengwa upya kwa ajili ya mabasi ya mwendokasi yaliyoanza kazi 2016, iliwekewa njia ya baiskeli kandokando. Aitakaye kuipita ajiandae kukutana na bodaboda, meza ya matunda na gari lililoegeshwa "kwa dakika mbili tu". Kuisafisha njia hiyo hakuhitaji mfadhili. Kunahitaji mtu wa halmashauri mwenye cheo aamke nayo.

Je, niseme kwamba kila msafara ni hasara? La. Wafaransa wana safari yao ya Paris kwenda Brest na kurudi, kilomita 1,200 ambazo mshiriki wa kawaida hupewa saa 90 kuzimaliza, na duniani kote ziko safari ndogo za kilomita 200, 300, 400 na 600 za kumpima mtu kabla hajakwenda huko. Katika safari hizo hufungiwi barabara wala huzibiwi pancha; unabeba vyako, unapigiwa mhuri katika kadi yako kituo hadi kituo. Kwa kuwa hawakuahidi mengi, ada za hizo ndogo huwa ni ndogo. Huo ni uungwana katika biashara. Na hapa kwetu, misafara ya kwenda Butiama kumkumbuka Baba wa Taifa, ambayo njiani washiriki hupanda miti na kupeleka madawati shuleni, humpa mtu kitu ambacho hawezi kujipatia peke yake siku ya Jumamosi: nchi nzima chini ya magurudumu yake, na watu wa kupumzika nao jioni. Mwenye likizo na mapafu aende.

Ninaowapinga ni wale wa katikati, wanaotoza ada ya barabara iliyofungwa hali barabara iko wazi, wanaokusanya kwa jina la hisani bila ya kusoma mapato na matumizi mbele ya waliochanga, na wanaowafikia watumishi kupitia kwa wakubwa wao wa kazi hata kukataa kukaonekana kama utovu wa nidhamu. Mtumishi anayo haki ya kuuliza kabla ya kutoa, na mkuu wa shule hana mamlaka ya kumkata mwalimu fedha ya fulana.

Karatasi ya msafara ujao imekwisha kufika mezani kwangu. Nimeirudisha ikiwa na maswali mawili nyuma yake: barabara itafungwa kutoka wapi hadi wapi, na kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi? Mpaka ninapoandika haya, jibu halijafika.