Kimanga Kisiondoke Chunguni

Wahenga walinena kuwa mwacha mila ni mtumwa. Methali hii hutajwa sana majukwaani panapochezwa ngoma, lakini ni nadra kusikika jikoni, ilhali ni jikoni ambako mila hufa pasipo matanga. Mfano ulio dhahiri ni kimanga, chakula cha Wataita. Katika vijiji vilivyouzunguka mlima Kasigau, yaani Makwasinyi, Rukanga, Jora, Kiteghe na Bungule, chakula hiki chastahili kutetewa kwa hoja nzito kuliko ladha peke yake.

Mswahili wa pwani akilisikia neno kimanga huenda akakumbuka Manga, yaani Uarabuni, kama katika pilipili manga. Kwa Mtaita, kimanga ni mseto uliopondwa. Mbaazi au maharagwe huinjikwa kwanza kwa kuwa huchelewa kuiva. Kisha hutiwa muhogo uliomenywa, au viazi vitamu, au ndizi mbichi, au malenge, kulingana na kilichoko shambani. Maji yakipungua, vyote hupondwa kwa mwiko hadi vishikamane. Mwenye maziwa au samli huongeza. Asiye nayo huridhika na chumvi. Pembeni huwekwa mboga za majani. Kwa hiyo kimanga hakina kanuni moja. Mpishi hufuata msimu na shamba lake.

Hekima hii ya kukusanya vilivyopo chunguni si ya Wataita peke yao. Katika jimbo la Louisiana, Marekani, kuna mchuzi mzito uitwao gumbo. Wataalamu wengi hulihusisha jina hilo na neno la Kibantu lenye maana ya bamia, lililovuka bahari pamoja na Waafrika waliouzwa utumwani. Katika chungu hicho walikutana Waafrika, Wafaransa, Wahispania na wenyeji asilia wa nchi ile. Chakula kilichobeba neno la watumwa leo ni fahari ya jimbo zima, kwa sababu tajiri na maskini hukipika bila kuona haya.

Hapa kwetu wapo wasemao kuwa kimanga ni chakula cha ufukara na cha wazee, na kwamba kijana aliyesoma hula ugali, wali au chipsi. Aidha, husemwa kuwa kukipika ni kupoteza wakati na kuni. Hoja ya kuni ina uzito, maana mbaazi kavu hazina haraka. Hata hivyo, kuziloweka usiku kucha hupunguza muda wa kupika. Hoja ya ufukara haina mashiko. Kasigau ni nchi kame. Ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023 ulionyesha tena jinsi mahindi yanavyomwacha mkulima mikono mitupu mvua ikikatika. Mihogo na mbaazi hustahimili ukavu kuliko mahindi. Ni kweli kwamba ndovu wa Tsavo hawachagui shamba. Lakini mvua inapokosa, mwenye mazao ya aina nyingi hana budi kuwa na tumaini zaidi ya mwenye zao moja.

Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo hili. Kimanga kikiondoka chunguni, hakuna atakayepanda mbegu zake. Mbegu zikipotea, hupotea pia maneno ya Kikasigau yanayozitaja. Watu wa Kasigau wanajua maana ya kung'olewa. Mwaka 1915, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Waingereza waliwahamisha kwa nguvu hadi Malindi, wakiwashuku kuwasaidia Wajerumani. Wengi walifia huko, na walionusurika walirejea miaka ya 1930. Jamii iliyorudi kwao baada ya masaibu hayo haifai kuupoteza urithi wake kwa kupuuza tu.

Mwezi wa Desemba 2021, UNESCO ilizitambua juhudi za Kenya za kuhifadhi vyakula vya asili kuwa mfano bora. Juhudi hizo ziliandika vyakula vya jamii kama Waisukha wa Kakamega na Wapokot. Kazi ya namna hiyo yapasa kufanywa Taita Taveta pia. Serikali ya kaunti haina budi kukiingiza kimanga katika chakula cha shule, wala isitosheke na kukionja siku za maonyesho; kwani maonyesho ya siku moja hayamnunulii mkulima mbegu. Nao wanafunzi wa Kiswahili, hasa waliotoka huko, waende na daftari kwa mama na nyanya zao, wayaandike majina ya mbegu, ya vyombo na ya hatua za upishi, ili Kiswahili nacho kitajirike.

Lakini daftari halishibishi. Kimanga kitadumu iwapo kitapikwa siku za kawaida, kikaliwa na watoto, nao wakajua mbegu yake hupandwa lini.