Kambi ya Hounslow haikumwokoa mfalme

Wewe kijana unayeambiwa mwenye bunduki ndiye mwenye nchi, hebu skiza ya James wa Pili wa Uingereza. Jamaa alipiga kambi ya jeshi pale Hounslow, karibu na London, raia wamuogope. Sheria ilikataza Wakatoliki kuwa maafisa. Yeye akawapa vyeo kwa amri yake tu. (Sheria yenyewe ilikuwa ya kibaguzi, tuseme ukweli. Lakini je, dawa ni mtu mmoja ajiweke juu ya sheria zote?)

Juni 1688 akawashtaki maaskofu saba, kosa lao kumwandikia ombi! Mahakama ikawaachilia, na huko Hounslow wanajeshi wake mwenyewe wakashangilia. Askari naye ana mama, ana dini yake.

Novemba William wa Orange akashuka Torbay. James alikuwa na askari wengi kumshinda, na bado hakuthubutu kupigana. Churchill, jenerali wake, akamhama usiku. Mkwewe George akafuata. Hata bintiye Anne akatoroka! Disemba mfalme yuko Ufaransa, mkimbizi.

1689 Bunge likaandika: hakuna jeshi la kudumu wakati wa amani bila idhini yake. Mkatoliki naye? Akazidi kufungiwa nje.