Mvumo si Sauti

Wapo wasemao kwamba jarida la mashairi halina haja ya kujadili spika. Spika, wadai, ni mambo ya mafundi na matajiri. Mshairi na ashike kalamu yake. Hoja hiyo siikubali hata kidogo. Ushairi wetu ulizaliwa kinywani ukapokelewa na sikio, na hata leo wengi wetu twaupata kwa kusikiliza: redioni, katika kanda za zamani, na kwenye kumbi za taarabu. Chombo kinachobeba sauti ndicho kinachoamua iwapo kina kitatufikia au kitafia njiani. Anayetuuzia spika basi atuuzia pia namna ya kulisikia neno, nasi tuna haki ya kumhoji.

Kwa muda mrefu soko limetufundisha kwamba kuboresha spika ni kuongeza besi. Kuanzia sabufa ya bei nafuu hadi ile spika ndefu ya kifahari iliyojengewa sabufa na amplifaya tumboni mwake, sifa inayotangulizwa ni moja: inavyopiga! Mwenye nyumba hufungulia besi mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka, kisha hujipongeza kwamba chombo chake kimepanda daraja. Mimi nasema huo si uboreshaji, ni ulevi.

Tutazame ukweli wa sauti yenyewe. Sauti ya mwanamume azungumzapo huanzia kwenye mitetemo kama 85 kwa sekunde, na ya mwanamke kama 165. Lakini konsonanti zinazotutenganishia “saa” na “taa”, au “taka” na “chaka”, hutegemea zaidi mitetemo ya juu, kati ya 2,000 na 8,000. Sabufa kazi yake ni mitetemo ya chini, kwa kawaida isiyozidi 100 hivi. Kwa hiyo ndani ya sabufa hamna hata herufi moja ya shairi. Tena sauti nene ikipewa nguvu kupita kiasi huzifunika nyembamba sikioni. Msikilizaji hubaki na mdundo mkononi, na neno limekwenda zake.

Pana jambo la pili, nalo ni chumba. Wimbi la mitetemo 40 kwa sekunde lina urefu wa mita 8 na nusu hivi. Likifungiwa katika chumba chenye urefu wa nusu yake, hurudi kutoka ukutani na kujikuta lenyewe: huvimba karibu na kuta, hufifia katikati. Vyumba vya nyumba zetu za mawe, ambavyo upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, ni vyembamba, na kuta zake nene hazimezi sauti nene. Kutia humo sabufa kubwa bila kukipima chumba ni kutwanga kinu chumbani mwa mgonjwa.

Nitaambiwa: je, kontrabasi si sehemu ya taarabu? Ni sehemu yake, tena tukufu. Uzi wake mnene kabisa hutoa mitetemo 41 hivi kwa sekunde, na spika ndogo ya mezani huupoteza. Anayetaka kuusikia kama ulivyopigwa ana haki ya chombo kinachoufikia. Ninayempinga ni yule anayetaka uzi huo uwe mfalme wa waimbaji, wa udi na wa fidla. Na anayepigisha rekodi ambazo Siti binti Saad alizirekodi Bombay mwaka 1928, kisha akaongeza besi, ajue kwamba hamwongezei Siti kitu. Rekodi za enzi hizo hazikubeba sauti nene kiasi hicho. Anachokikuza ni mngurumo wa sahani.

Uboreshaji wa kweli basi ni upi? Nitautaja mfano mmoja kutoka Marekani. Richard Vandersteen alianzisha kampuni yake mwaka 1977 huko Hanford, California. Spika yake iitwayo Model 5 ilijengewa sabufa yenye amplifaya yake mwenyewe, ili amplifaya kuu ipunguziwe mzigo wa sauti nene na ishughulikie sauti nyingine kwa utulivu. Ikatiwa pia vidhibiti 11 vya besi, fundi apime chumba kisha apunguze panapovimba na kujaza panapopungua. Na lililo bora zaidi: wenye toleo la 5A walipewa nafasi ya kuzirudisha spika zao kiwandani zikatiwa viungo vipya na kuwa 5A Carbon. Kasha likabaki lile lile. Huyo alifahamu maana ya usiache mbachao kwa msala upitao.

Lakini si wote wafanyao hivyo, na hapa ndipo mnunuzi anapopaswa kuwa mkali. Spika isiyo na umeme ndani yake yaweza kudumu miongo mingi. Ukiijengea amplifaya, umeijengea pia kifo: amplifaya ikiungua na kipuri kisipatikane, spika ya thamani kubwa hugeuka kabati lisilo na droo. Kabla ya kuuliza ina wati ngapi, ulizeni nani ataitengeneza, na kwa vipuri gani. Sisi wafasiri hatuichomi tafsiri nzima kwa sababu ya beti mbili mbovu. Twazirudia beti hizo. Kwa nini tukubali kwamba spika yenye kiungo kimoja kibovu itupwe jaani, tununue nyingine?

Nawapeni kipimo ambacho hakihitaji mtambo wowote. Tafuteni rekodi ya shairi msilolijua kwa moyo. Lisikilizeni kwa spika zenu za sasa, mkiandika kila neno mlisikialo. Kisha lisikilizeni tena kwa hicho chombo mnachoambiwa ni bora, kwa kiwango kile kile cha sauti, mkiwa mmeketi pale pale. Karatasi ya pili ikiwa na maneno machache kuliko ya kwanza, mrudishieni muuzaji mzigo wake, hata kama ukuta mzima ulitikisika.