Gari la Mamilioni, Plastiki Inayoogopa Kitambaa

Wacha niseme hili mapema ndio tuelewane. Kama unapanga kununua gari la kifahari, iwe Mercedes, BMW, Audi ama Range Rover, usianze na skrini. Achana pia na zile taa za rangi rangi za mlangoni. Angalia kile kipande kinachozunguka gia, kile kinachobeba swichi za madirisha, na pale mahali utakuwa unaweka simu kila siku. Kama ni nyeusi na inang'aa hadi unajiona meno, anza kuuliza maswali.

Hiyo kitu inaitwa nyeusi ya piano. Jina limetoka kwa piano kubwa za ukumbini, zile zenye mbao zilizopakwa rangi nyeusi tabaka juu ya tabaka, zikasuguliwa hadi zikawa kama kioo. Jina zuri sana. Shida ni kwamba ndani ya gari, mara nyingi hakuna mbao hapo. Ni plastiki iliyomwagwa kwenye kalibu ikatoka ikiwa na mng'ao wake, pengine ikaongezwa vanishi angavu juu. Na tena, hakuna mtu hurusha funguo, sarafu na chupa ya maji juu ya piano kila asubuhi akienda kazini. Kwenye gari tunarusha.

Maoni yangu ni haya: nyeusi ya piano ni anasa ya yule anayeuza gari. Wewe unayekaa nalo hupati kitu.

Hebu tuangalie kwa nini inakwaruzika haraka hivyo, maana watu hudhani ni uzembe. Vumbi la barabara si unga laini. Lina chembe za mchanga, na mchanga mwingi una madini ya kwatzi. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kwatzi ni 7. Kisu cha kawaida cha jikoni kiko karibu 5.5. Sasa plastiki itatoka wapi hapo? Ukichukua kitambaa kikavu ukafuta vumbi juu ya hiyo plastiki, umeisugua na kitu kigumu kuliko kisu. Hata kama kitambaa chenyewe ni laini kama pamba ya mtoto, zile chembe zilizonaswa chini yake ndizo zinachora.

Jambo la pili ni mwanga. Sehemu inayong'aa hurudisha mwanga upande mmoja, kama kioo. Ukiikwaruza kidogo tu, pale pa mkwaruzo mwanga unatawanyika, na kwa sababu nyuma ni nyeusi, ule mstari unaonekana mweupe kabisa. Plastiki iliyofifia haina hiyo shida, kwa sababu mwanga ulikuwa unatawanyika tangu mwanzo. Ina mikwaruzo pia, ila haikusemi kwa majirani. Na wewe unayeishi Nairobi, Nakuru ama Mombasa unajua jua letu. Saa nane mchana likipita kwenye kioo cha mbele, kila alama ya kidole inaonekana kama ramani.

Mbona basi watengenezaji wanaipenda? Sababu si ngumu. Skrini ikizimwa inakuwa nyeusi ya kung'aa, na plastiki nyeusi ya kung'aa pembeni yake inafanya zote zionekane kitu kimoja. Kwa picha inatoka vizuri. Chini ya taa za ukumbi wa maonyesho inatoka vizuri zaidi. Na plastiki ni rahisi kufinyanga kwa umbo lolote kuliko kukata mbao ama chuma. Ukikaa kwenye gari kwa dakika kumi za kulijaribu, inakuteka. Tatizo linaanza wiki ya tatu, na wakati huo umeshalipa.

Hata kwenye simu tumeona hii sinema. Mwaka 2016 Apple walitoa iPhone 7 ya rangi nyeusi ya kung'aa, na wao wenyewe wakawaambia wanunuzi kwamba mng'ao ule unaweza kuonyesha mikwaruzo midogo midogo, na kwamba mwenye wasiwasi atumie kava. Angalau walisema. Kwenye gari, wangapi wamewahi kuambiwa na muuzaji, "Boss, hii sehemu itachoka kabla ya matairi"?

Sasa tuje nyumbani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, kwa hivyo wengi wetu tukipata gari la kifahari, tunalipata baada ya mtu mwingine kulitumia miaka sita, saba. Pete yake, funguo zake, saa yake ya mkononi, vyote vimeshaacha sahihi hapo. Chukua mfano wa Mercedes C-Class ya kizazi cha W205, ile iliyozinduliwa 2014. Imejaa barabarani hapa. Katikati ina bao moja refu linaloteremka kutoka chini ya skrini hadi kwenye kiegemeo cha mkono. Kwa baadhi ni nyeusi ya piano, kwa nyingine ni mbao ya kweli yenye mishipa unayoihisi kwa kidole. Muundo ni ule ule, na umri unaweza kuwa ule ule. Zipange mbili hizo pamoja uone ni ipi inaonekana imezeeka na ni ipi inaonekana imekomaa.

Na hapa kuna faida moja ya hii plastiki, lazima nikiri: ni shahidi mzuri. Kama muuzaji anakuambia gari limetembea kilomita elfu arubaini tu, lakini kando ya gia kumechakaa, swichi za dirisha la dereva zimefutika na ngozi ya usukani inang'aa kwa mafuta ya mikono, hizo hadithi mbili hazipatani. Mita inaweza kurudishwa nyuma. Kurudisha mng'ao wa plastiki iliyochoka ni kazi nyingine. Ukiagiza kutoka Japani, omba karatasi ya mnada. Mara nyingi huwa na alama ya jumla kwa nambari na hali ya ndani kwa herufi. Watu wengi hukimbilia ile nambari wakasahau herufi, halafu gari likifika wanashangaa. Omba pia picha za ndani zilizopigwa mchana, kutoka pembeni, sio zile za kutoka juu na taa imewashwa. Mwanga wa pembeni hausemi uongo.

Haya, ukipata nafasi ya kuchagua, uchague nini? Mimi kura yangu inaenda kwa mbao isiyong'arishwa. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Walikuwa wanatuonya tusidanganywe na urembo wa nje. Lakini kwa gari, mimi naomba hicho hicho kipande cha mti. Mbao yenye mishipa wazi haionyeshi alama za vidole, na mkwaruzo mdogo unapotea kwenye mistari yake. Nenda Lamu uangalie milango ya zamani. Imeshikwa na mikono kwa vizazi, na hakuna anayesema imeharibika. Shida yake ni kwamba haipendi maji mengi wala mafuta ya kujipaka mikononi, kwa hivyo usiimwagie dawa.

Ya pili ni alumini iliyopigwa brashi. Ina mistari yake tayari, na mkwaruzo unaoelekea upande ule ule unajificha. Unaokatiza mistari utauona. Tena ni baridi ukiigusa, unahisi kweli umeshika chuma. Kasoro yake ni kuakisi jua machoni, hasa ikiwa karibu na gia.

Kaboni faiba, mara nyingi, ina vanishi ya kung'aa juu, kwa hivyo inakwaruzika pia, ila ule mfumo wake wa kusukwa kama mkeka unaficha mengi. Halafu kuna plastiki za kupakwa mpira laini. Kuwa makini nazo. Kwa joto na unyevunyevu, ule mpira unaweza kuanza kunata baada ya miaka, na mtu wa Mombasa anajua joto na unyevunyevu ni nini. Kama gari ni la zamani, papasa kabla hujalipa. Plastiki ya kawaida iliyofifia haina sifa, hakuna mtu atakupigia makofi kwa sababu yake, lakini itakuvumilia.

Na kama gari unalo tayari na ndani ni nyeusi ya piano tupu? Usilie. Kuna kanuni moja inayobeba zote: toa vumbi kabla ya kufuta. Tumia brashi laini, ile ya nywele ndefu, ama pampu ndogo ya kupuliza hewa. Kisha chukua kitambaa cha maikrofaiba kilicho safi, kiloweshe kidogo, futa kwa mkono mwepesi bila kukandamiza, ukielekea upande mmoja. Kigeuze upande kila baada ya kufuta mara kadhaa. Hicho kitambaa kiwe cha hapo tu. Kisiguse rimu wala milango. Ukikifua, usiweke dawa ya kulainisha nguo, kwa sababu inapaka nyuzi mafuta na kitambaa kinaacha kushika vumbi.

Tishu, hapana. Ni nyuzi za mbao hizo, na kavu zinakwaruza. Dawa ya vioo yenye amonia, hapana. Sanitaiza na spiriti zinaweza kudhuru baadhi ya plastiki zikaanza kufifia ama kupata nyufa ndogo ndogo. Dawa ya meno ambayo watu wanaisifu kwa video fupi ina chembe za kusugua, na chembe za kusugua ndizo shida tunayojaribu kukwepa. Na ile dawa ya mafuta ya kung'arisha dashibodi, inayofanya gari linukie kama peremende, inaacha utando unaonata vumbi. Kesho ukifuta, unaburuta mchanga.

Suluhisho la kudumu ni filamu angavu ya poliuretani, ile inayobandikwa kwa rangi ya nje. Inakatwa kwa umbo la kila kipande, na zile nzuri mikwaruzo midogo hufutika ikipata joto. Ibandikwe mapema, kwa sababu ukiibandika juu ya mikwaruzo umehifadhi mikwaruzo. Kama imeshaharibika, kuna polishi laini za plastiki zinazopunguza mistari myembamba; iliyozama haitoki, na ukisugua sana unamaliza vanishi. Ama uamue kuivisha stika iliyofifia, umalize hiyo habari. Lakini ona kichekesho: umelipia mng'ao, halafu unalipa tena kuufunika.

Na sasa nifike pale panaponiuma zaidi. Hii plastiki ina mtu anayeilipia bila kuinunua. Ni yule kijana wa kuosha magari. Anapewa ndoo, kitambaa kimoja cha mambo yote, na magari yanayosubiri kwa foleni. Mwenye gari anarudi, jua linapiga kwenye gia, anaona mistari, na kelele inaanza: "Umenikwaruzia gari!" Pengine pesa za kijana zinakatwa. Pengine anafukuzwa. Na mistari ile inaweza kuwa ya mwaka mzima, ya funguo zako mwenyewe, ila imeonekana leo kwa sababu leo ndio vumbi limetolewa.

Tuwe na haki kidogo. Kama gari lako lina sehemu ambayo kitambaa kikavu kinaiharibu, wewe mwenye gari ndiye unajua. Beba kitambaa chako. Mwambie kabla hajaanza, kwa heshima, "Hapo kwa gia usiguse, nitafuta mwenyewe." Na kama anaosha vizuri, muongeze kitu kidogo. Huwezi kununua kitu kisichostahimili kuguswa, halafu ukamlaumu yule ambaye kazi yake ni kukigusa.

Najua kuna mtu atasema, "Bana, ni gari tu. Litumie, likwaruzike, maisha yaendelee." Nakubaliana naye kabisa! Gari si la makumbusho. Na hiyo ndiyo sababu nataka vitu vya ndani vinavyokubali kutumika. Anasa ya kweli ni kuweka funguo popote bila moyo kuruka, kumpa mtoto kiti cha mbele bila kumwambia kila dakika asishike, kumpa rafiki lifti bila kuchunga pete yake. Gari linalokufanya umwogope mgeni wako limekunyima kitu, hata kama lilikugharimu mamilioni.

Kwa hivyo siku ya kwenda kuangalia gari, usiende usiku, na usikubali kuonyeshwa likiwa limetoka kuoshwa tu. Nenda mchana. Kaa kiti cha dereva, zima skrini, papasa kila mahali mkono wako utakuwa unaenda kwa miaka mitano ijayo. Kuna wauzaji watakaona unachelewesha. Wacha waone hivyo. Pesa ni zako, na mkono ni wako.